Kikaratasi cha Arobaini na Moja

Julai, Moshi. Ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati na misumari.
Mlima haujajitokeza, leo siku ya tisa,
wala hakuna aliyeuulizia.
Tunautazama ukuta.

Vikaratasi arobaini na kimoja: njano, waridi, kijani,
na kila kimoja kinaanza na neno *lazima*.
Nilivihesabu asubuhi kabla wenzangu hawajafika.
Wiki mbili zinabeba saba.
Nane, tukikubali kulala hapa.

Aminieli anataka grafu.
Jana alikuwa Arusha na wafadhili, akala nao kuku,
akarudi na maneno mapya na shati lenye harufu ya hoteli.
"Grafu ya rangi. Wakiiona tu, wataongeza fedha."

Rogathe haitazami grafu. Rogathe ana deni,
si la benki wala la kikoba:
ni la msimbo tuliouandika usiku mmoja mwaka juzi
tukaapa kwamba kesho tutaunyoosha.
"Kesho yenu," anasema, "ina riba."

Zubeda hasemi.
Anaweka simu katikati ya meza, anabonyeza spika,
na karani wa mizani anaingia chumbani kutoka Uru
na kuku wake, na upepo wake, na mlango wa ghala unaolia.
"Dada, mtandao ukikatika nikiwa napima, kilo zinapotea.
Jana mama mmoja kaleta kahawa magunia mawili.
Simu imekumbuka moja.
Nimemwandikia la pili kwenye daftari.
Ila ninyi si mlisema daftari tulitupe?"

Kimya.
Chini, mtu anakata bati.

Kwetu Kirua, zamu yetu ya maji ilikuwa saa nane usiku.
Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika tochi,
baba akibomoa tope kwa jembe ili mfongo ugeuke uje kwetu,
na huko chini taa ya jirani ikasimama,
ikasubiri, ikazimika.
Hapo nilijua, kabla ya kujua kugawanya kwa mkato,
kwamba kumfungulia mmoja ni kumzibia mwingine.
Hakuna aliyeuliza shamba la nani ni muhimu.
Waliuliza: kipi kitakufa kabla ya kesho kutwa?
Mgomba huvumilia.
Mche wa nyanya hauna subira hiyo.

Nikainuka.
Gunia la Uru, juu kabisa.
Chini yake nusu ya deni la Rogathe,
maana shimo lililolimeza gunia ni lilelile alilotuonyesha
tukamwambia ana kisirani.
Nusu tu. Akanitazama kama mtu aliyelipwa kwa sarafu.
Grafu ikashuka, ikashuka tena,
na Aminieli akawa anaichora kwa kidole
kwenye chai iliyomwagika mezani,
mstari unaopanda, unaopanda, hadi ukingoni.

Kikabaki kimoja, cha arobaini na moja.
Mwandiko wangu.
*Lazima programu isome kilo kwa sauti.*
Nilikiandika kwa ajili ya shangazi,
ambaye macho yamemtoka taratibu kama rangi kwenye kanga,
na ambaye humwomba karani amsomee mizani,
kisha humwomba mtu mwingine
amsomee tena.

Kimeshuka mara sita, zote kwa mkono huu.
Leo nikakishusha ya saba,
kikakataa: gundi imekwisha.
Kikaelea hadi sakafuni, uso chini.

Zubeda akakiokota. Akashuka ngazi.
Akarudi na msumari mmoja wa inchi moja,
akavua kiatu,
akakigongomea kikaratasi pale chini, karibu na soketi,
mapigo manne, chokaa ikapukutika.

"Dada?" Simu ilikuwa bado hewani. "Mnagonga nini huko?"

Nikatafuta la kumjibu.
Nikamwambia daftari asilitupe.